Waya Uliopita Upande wa Kulia

Ng'ombe wa Okemwa alikufa akiwa amesimama. Waliofika wa kwanza walimkuta ameegemea ua wa waya, miguu imekazana, tonge la nyasi bado mdomoni, na ni pale Okemwa alipokata kamba ndipo mnyama alipoanguka ubavu kwa kishindo. Linet, mke wa Okemwa, alikuwa akichuma chai mistari michache kutoka hapo. Alirushwa chali, kikapu huku, majani kule, na mkono wake wa kushoto ukawa kama si wake.

Hakuna aliyeuliza radi ilipiga wapi. Kila mtu pale mlimani Gesima alikuwa ameiona ikishuka juu ya mlingoti wa redio wa marehemu Joash Onsongo, ng'ambo ya ua, kabla mvua yenyewe haijaanza.

Mjane wa Joash, Loice Mong'ina, alivuka ua wakati masikio bado yanamlia. Alipiga magoti kwenye tope kando ya Linet, akaushika ule mkono uliokufa ganzi ili auchue. Linet akauvuta.

"Usiniguse, Mwalimu."

"Nataka damu itembee, mama."

"Nimesema usiniguse."

Loice alidhani ni maumivu.

Okemwa alisimama juu ya ng'ombe wake, mvua ikimtiririka usoni. Hakuwa mtu wa makelele. "Mlingoti huo uanguke," alisema. "Leo ni ng'ombe. Kesho mtaniletea nani?"

"Mlingoti umefungwa ardhini, Okemwa. Radi ikiupiga inashuka na waya mpaka migombani kwangu, inaishia kwenye udongo. Haiwezi kuruka kuja kwako."

"Basi huyu ameuawa na nini? Na baridi?"

Watu walicheka, kicheko kile cha watu walioogopa. Loice hakucheka. Alikuwa amefundisha fizikia katika shule ya wasichana muda mrefu kiasi kwamba wanafunzi wake wa kwanza sasa walikuwa bibi, na hapo, mbele ya majirani, alikuwa ameulizwa swali la haki akakosa jibu.

Kwa Loice kukosa jibu mbele za watu haikuwa jambo dogo. Alizaliwa Masimba, nyuma ya duka la baba yake, akiwa msichana wa kwanza wa ukoo wao kuvaa joho la chuo kikuu. Alipoolewa kwa akina Onsongo aliikuta nyumba yenye watu wengi na sifa chache, na akaamua, bila kumwambia mtu, kwamba sifa zitakuja. Zilikuja. Zilikuja kwa kufagia kila kitu ndani kabla mgeni hajafika langoni. Shemeji yake Geoffrey, mdogo wake Joash, alipofukuzwa chuo cha ualimu kwa wizi wa mtihani, ni Loice aliyewaambia watu kwamba kijana ana homa ya matumbo na amerudi kupumzika. Akampikia uji mbele yao. Akamtafutia chuo kingine mbali, na Geoffrey akatoka huko akiwa mwalimu, na baadaye mzee wa kanisa, mwenye sauti ya kusomea Maandiko. Katika miaka yote hiyo neno moja la homa ile halikuwahi kuvuka lango.

Joash yeye hakujali sifa. Alikuwa fundi wa simu, mtu mrefu mwenye mikono mipole, na alichopenda baada ya mke wake ni kuzungumza na watu asiowajua. Alikuwa na leseni ya redio ya ridhaa, ile ya watu wanaorusha sauti hewani kwa kupenda tu, bila biashara wala siasa. Jioni ungemsikia chumbani mwake akimweleza Mfini mmoja jinsi ndizi zinavyopikwa, naye Mfini akimweleza habari za barafu. Sauti ilitaka kwenda mbali, kwa hiyo Joash akasimamisha mlingoti nyuma ya nyumba, pale juu kwenye mawe, mrefu kuliko mikaratusi.

Huku kwetu, kusimamisha chuma kirefu namna hiyo ni kuita kitu kwa jina. Mvua ya alasiri haikosekani, na radi, ile tunayoiita enkoba, huja nayo. Joash alilijua hilo. Ardhi ya mawe haimezi umeme, kwa hiyo alichimba mtaro kutoka mguu wa mlingoti, akaupitisha ubavuni mwa nyumba, upande wa kulia, mpaka chini migombani ambako udongo una unyevu mwaka mzima. Ndani ya mtaro alilaza utepe wa shaba nyekundu, mpana kama mshipi wa suruali. Kule migombani akaufunga kwenye vyuma virefu vilivyopigiliwa ardhini vikazama vyote. Loice alimtengenezea michoro. Geoffrey, siku zile akiwa bado kijana asiye na kitambi, ndiye aliyekuwa akishika utepe upande mmoja huku kaka yake akiulaza upande mwingine, na jioni wote wawili waliingia jikoni wekundu kwa udongo mpaka nyusi. Mlingoti ulipigwa mara nyingi baada ya hapo. Kikombe hakikutikisika kabatini.

Joash aliyefikiria kila kitu hakufikiria jambo moja. Mwanamume wa Kisii huzikwa upande wa kulia wa nyumba yake. Yeye alikuwa Mkisii, na nyumba ilikuwa yake, na akachimba mtaro wake katikati kabisa ya mahali atakapolazwa. Wala Loice, na michoro yake, hakuliona. Walikuwa vijana. Kifo kilikuwa cha watu wengine.

Alipofariki, mwaka uliopita, kaburi lilichimbwa asubuhi ya mazishi kama ilivyo desturi, maana kaburi lililo wazi halilazwi usiku. Loice alikuwa ndani, ameketi kwenye godoro, amezungukwa na wanawake. Katikati ya nyimbo akili yake ikaruka kwenye utepe. Akamwita Geoffrey mlangoni.

"Waambie vijana kuna waya wa shaba hapo. Wasiukate. Ukiwazuia, wausogeze kando, Duncan atauunga."

Geoffrey akaenda. Akarudi, jasho likimtoka. "Usijali, shemeji. Tumeupitisha pembeni. Endelea kumlilia mtu wako."

Na Loice akaendelea. Duncan Mogaka, rafiki wa Joash wa redio mwenye duka la umeme Masimba, alimwuliza baadaye kama anaweza kuja na kifaa chake kuupima waya. Loice akamwambia hakuna haja. Ingebidi kuchimba ardhi kando ya kaburi lisilokauka, na kwa nini, ilhali shemeji alisema? Ukiutazama mguu wa mlingoti uliona utepe umefungwa vizuri, unazama ardhini kama zamani.

Sasa ng'ombe alikuwa amekufa, na naibu wa chifu akaita mkutano pale pale uani kwa Loice, ili kila mtu aone anachokisemea.

Walikuja wengi. Walisimama mbali kidogo na kaburi, mbali zaidi na mlingoti. Geoffrey alikaa mbele, kofia magotini, kama mkubwa wa nyumba aliyebaki. Okemwa alisema yake kwa maneno machache, mlingoti uondoke. Wengine wakaunga mkono. Bibi mmoja akasema afadhali wangewauliza hao Wazungu wa redioni wauweke kwao, na watu wakacheka tena.

Loice akasimama. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani. "Mume wangu hakuwa mtu wa kuhatarisha jirani," alisema. "Waya wake uko ardhini, mzima, na nitawaonyesha. Chimbeni hapa." Akaelekeza kidole hatua chache juu ya kaburi, mahali ambapo mtaro ulishuka kutoka mlingotini. "Mkikosa waya hapa, mlingoti uanguke leo, na mniite mwongo."

Aliposema hivyo alimtazama Geoffrey, kama mtu anavyomtazama shahidi wake. Geoffrey alikuwa anaikagua kofia.

Jembe lilichukuliwa na Duke, fundi wa matofali, mwanamume wa makamo ambaye kila mazishi ya mlima ule huongoza wachimbaji. Alipiga mara mbili tatu, akasimama.

"Mwalimu, tunatafuta ule mpana? Wa kung'aa, kama mshipi?"

"Ndio huo."

"Kipande kitakuwapo hapa. Lakini hauendi popote."

Na kweli, kilikuwapo, wakakifukua kuelekea kaburini. Utepe ulitokeza kutoka upande wa mlingoti, rangi imegeuka kahawia, ukaishia kwenye ncha iliyokatwa kwa shoka, umbali wa mkono tu kutoka kaburini. Ndiyo kusema radi ilishuka mlingoti mzima, ikafika pale, ikakuta mwisho wa njia. Ikatafuta njia nyingine. Ikaupata ua.

"Nani aliukata?" Loice aliuliza. Sauti yake ilikuwa ile ya darasani.

Duke aliliegemea jembe. "Sisi, mama. Asubuhi ile. Tulikuwa tumefika kiunoni, shoka la mizizi likagonga kitu, kikang'aa. Kimepita kaburi lote, upande hadi upande. Tulitoka shimoni wote, hata viatu tuliviacha. Nani angerudi? Mtu hajazikwa na tayari kuna kitu kimezikwa kabla yake."

"Kwa nini hamkuniita?"

Duke alimtazama Geoffrey, kisha Loice, kisha udongo.

"Sema, Duke."

"Mzee Geoffrey alikuja. Tukamwuliza ni nini. Akasema ni kitu cha mama. Tukikate, tukitoe, tukatupe mbali mtoni, na tufunge midomo. Ni mambo ya nyumba, nyumba itayamaliza."

Kitu cha mama.

Loice aliyasikia yale maneno kama mtu anayesikia lugha aliyojifunza zamani, neno moja kwanza, kisha maana yote kwa mpigo. Mlimani kwetu kitu kikikutwa kimefukiwa uani pa mtu aliyekufa, hakuna anayefikiria fizikia, hufikiria uchawi. Na mwenye kitu akiwa mjane, mwenye kisomo, anayeishi peke yake, asiyepiga soga sokoni, hapahitajiki shahidi wa pili. Wajane wengine wamechomewa nyumba kwa machache kuliko hayo.

Mwaka mzima ulipita mbele yake, na safari hii aliuona. Darasa lake la Shule ya Sabato lilipopewa mtu mwingine "ili upumzike, Mwalimu." Wanawake wa chama waliohamisha mkutano kutoka kwake, kwa sababu eti njia ina utelezi. Chai iliyoachwa vikombeni, imejaa, imepoa, na yeye akidhani wageni wake wameanza kuogopa sukari. Mkono wa Linet. Alikuwa ameyaweka yote kwenye fungu la ujane, akajiambia kwamba ndivyo mwanamke anavyopungua mume anapoondoka.

"Geoffrey," alisema. "Waambie ulikuwa waya gani."

Geoffrey alisimama, kofia mkononi, na ile sauti yake nzuri ya kusomea Maandiko. "Shemeji, mimi si fundi. Ndugu yangu alikuwa na mambo yake mengi ya umeme. Mimi niliona kitu, watu wameogopa, mchungaji yuko njiani. Nikasema kile nilichodhani wakati ule."

"Ulichodhani."

"Ningejuaje?"

Angeweza kusema hapo hapo: uliushika kwa mikono yako, ulikula jikoni kwangu ukiwa na udongo wake puani. Maneno yalifika kooni. Lakini yangekuwa neno lake dhidi ya neno la mzee wa kanisa, na nyumba ya Onsongo ikirushiana matope mbele ya mlima mzima, juu ya kaburi la Joash. Jambo hilo alikuwa ameishi maisha yake yote ili lisitokee. Akayameza.

Akamgeukia naibu wa chifu. "Nilisema waya ni mzima, na si mzima. Kwa hilo niiteni mwongo. Lakini mume wangu aliuweka. Nipeni nafasi niurudishe mbele ya macho yenu, kila mtu aone kinachoingia ardhini. Baada ya hapo radi ikiruka ua tena, mlingoti nitauangusha mwenyewe."

Okemwa akauliza, "Na mpaka hapo?"

"Mpaka hapo ng'ombe wako wafungwe mbali na ua. Na mimi sitalala humu ndani mvua ikinyesha."

Aliposema hivyo ndipo lilipomjia. Alikuwa amelala humo mwaka mzima.

Kesho yake alipita katikati ya chai mpaka kwa Geoffrey. Joyline, mkewe Geoffrey, alimwona akija, akatandika kitambaa mezani, akatoka kwenda kutafuta kuni ambazo zilikuwa zimejaa jikoni. Geoffrey alibaki na kiti chake.

"Sikuja kupigana," Loice alisema. "Nataka kujua tu. Ulikuwa unajua ni nini."

Kwa kuwa walikuwa wawili tu, hakukana. "Nilijua."

"Basi sentensi moja, Geoffrey. 'Ni waya wa radi, niliulaza na kaka.' Sentensi moja."

"Hukuwapo, shemeji. Wamesimama na majembe, wanatetemeka, sanduku liko barabarani. Ningeanza kueleza radi na shaba? Wangeniambia mimi ndiye niliyeufukia. Tayari kuna mmoja alikuwa ananiangalia vibaya. Mdogo wa marehemu, shamba limepakana. Unajua watu."

Hapo Loice alielewa jambo ambalo hakulitarajia. Alikuwa amekuja akidhani Geoffrey aliteleza kwa haraka, kama mtu anavyoangusha sahani. Kumbe alipima. Kulikuwa na watu wawili wa kubeba neno lile, na akamchagua mwingine.

"Na kesho yake? Baada ya sanduku kufukiwa?"

"Kesho yake lilikuwa limepita."

"Halikupita. Lilihamia kwangu."

Geoffrey alitazama mlango.

"Na mlingoti," Loice alisema. "Ulijua hauna waya tena. Ulijua nalala chini yake. Kila alasiri mawingu yakija ulikuwa hapa, unatazama, unajua."

"Nilisema nitamwambia Duncan. Kila mara nilisema. Halafu angeuliza kwa nini sikusema mapema."

"Kwa hiyo uliona afadhali nife."

"Usiseme hivyo, shemeji! Nilikuwa nakuombea."

Alisema kwa moyo. Alikuwa amemwombea kweli. Pengine kwa magoti.

Alipoinuka kwenda, Geoffrey alimfuata mpaka kizingitini. Sauti ilikuwa imelainika, karibu ya mtoto. "Waya utarudi, watu watasahau. Hili liishie kati yetu. Wewe ndiye uliyetufundisha, mambo ya nyumba hayavuki lango."

Loice alisimama kwenye jua. Ni kweli, ndiye aliyewafundisha. Alikuwa amemfundisha huyu kuliko wengine, kwa uji na homa ya matumbo.

Akarudi kwake katikati ya chai.

Siku ya kazi palijaa kuliko siku ya mkutano. Duncan alikuja na mviringo mzito wa utepe mpya, uliotumwa na wenzake Joash wa redio, na Loice akaagiza uwekwe juu ya meza ya kulia chakula, katikati ya ua, kila anayetaka aushike. Wazee waliugusa kwa kidole kimoja kama wanaojaribu pasi. Akaeleza ni nini, kwa maneno mepesi, kama alivyoeleza kwa kidato cha kwanza. Radi ni maji ya mafuriko. Huwezi kuyazuia, unayachimbia mfereji. Huu ndio mfereji. Akasema pia kwamba ule uliotupwa mtoni ulikuwa hivi hivi. Watu walisikiliza kwa adabu. Adabu si kusadiki, na mwalimu hujua tofauti.

Duke na wenzake wa siku ile ya kaburi ndio walioombwa kuchimba. Loice alitaka wawe wao. Mtaro ulishuka kutoka kwenye mawe, na ulipokaribia kaburi ukaliacha, ukalizunguka kwa mbali, kisha ukarudi kwenye njia ya zamani kuelekea migombani. Hapo penye mzunguko Duncan alikuwa peke yake mtaroni, anapambana na utepe mgumu, na akaona njia ya mkato ni kuukunja kwa goti ukae pembe mraba.

Geoffrey alikuwa ameketi kivulini, kiti cha plastiki, mguu juu ya mguu. Alikuja kwa sababu kutokuja kungeonekana. Alikuwa anatazama mikono ya Duncan kama mtu yeyote anavyotazama kazi aliyowahi kuifanya ikiharibiwa.

"Aa! Usikunje hivyo, wewe!" alipaza sauti, tayari nusu amesimama. "Zungusha taratibu, kama kamba. Radi ikikuta kona inatoka nje. Mwaka ule tulikunja hapo, Joash akatufukulisha mtaro mzima upya."

Duncan aliacha kukunja. Majembe yakaacha. Geoffrey alibaki ameinama, mkono hewani, katika umbo la mtu anayeshika ncha ya kitu kipana.

Duke alikuwa chini, karibu na migomba. Hakupaza sauti.

"Mwaka gani, mzee?"

Geoffrey aliketi. Akaichukua kofia chini ya kiti, akaivaa, akaivua. Midomo ilifunguka, na ile sauti iliyosoma Zaburi juu ya kila jeneza la mlima ule haikutoka.

"Tulikuuliza ni nini," Duke alisema. Sasa sauti ilikuwa imepanda. "Nilikuuliza mimi, kwa mdomo wangu. Ulikuwa unajua! Mke wangu amemkataza mtoto wetu asipite kwa huyu mama mwaka mzima. Mwaka mzima, mzee!"

Linet alikuwa kwenye ua, upande wao. Aliuweka mkono wake mdomoni, mkono wa kushoto, na Loice akaona kwamba vidole vinasogea.

Wengi waliokuwapo walimtazama Loice wakingoja. Walitaka apige kelele. Walitaka alie, au amlaani shemeji yake, au afurahi, ili wajue jambo hili ni la ukubwa gani. Naye alikuwa amewaza mara nyingi, tangu siku ile ya kizingitini, jinsi itakavyokuwa ukweli ukitoka. Alidhani atakuwa mwepesi. Lakini alipopitisha macho juu ya nyuso zile, za watu aliowafundishia binti, aliowaandikia barua za kazi, waliokula mezani pake, alichokiona ni kwamba Geoffrey alisema neno moja tu, asubuhi moja, kwa watu wachache walioogopa. Waliolibeba mwaka mzima ni hawa. Na hakuna hata mmoja aliyegonga mlango kumwuliza.

"Duncan," alisema, "malizia. Mawingu yanakusanyika."

Wakamalizia. Okemwa mwenyewe alikuja akashika nyundo kwenye vyuma vya migombani, na alipomaliza akasema mlingoti ubaki, yeye hana neno. Alasiri ile ile mvua ilinyesha na radi ikapiga mbali, Nyamira kule, wala hakuna aliyejua kama waya unafanya kazi. Iliwabidi wangoje hadi wiki iliyofuata, siku mlingoti ulipopigwa kwa mwanga mweupe uliowafanya watu wote wa mlima wafumbe macho. Ng'ombe wa Okemwa, yule aliyebaki, aliinua kichwa, kisha akaendelea kula.

Sabato ile mzee mmoja wa kanisa alimngoja Loice mlangoni baada ya ibada. Hakuwa Geoffrey, Geoffrey alikuwa ameomba kupumzika usomaji kwa muda, kifua kinamsumbua, alisema. Mzee alizungusha maneno, akasifu kitambaa chake cha kichwa, akafika. Darasa lake la Shule ya Sabato lilikuwa linamngoja. Tangu aondoke watoto hawajui hata mistari.

"Sikuondoka," Loice alisema. "Nani aliniondoa?"

Mzee alitabasamu. "Ah, Mwalimu. Unajua mambo haya. Hakukuwa na mtu hasa."

"Basi nikirudi nitakuwa nimerudishwa na nani?"

Loice akamuaga vizuri, akamwuliza hali ya mkewe, akaondoka.

Wanawake walitembea naye sehemu ya njia, karibu zaidi kuliko walivyotembea kwa muda mrefu, wakizungumza kuhusu bei ya majani na harusi ya nani. Mmoja alimbebea mwavuli. Joyline alikuwa amemletea ndizi mbivu siku iliyotangulia, na machozi, na ujumbe kwamba mumewe anaomba msamaha. Loice alipokea ndizi. Kuhusu msamaha alisema Geoffrey aje mwenyewe, awaite Duke na wenzake, aseme mbele yao alichokijua asubuhi ile. Joyline alisema atamwambia. Tangu hapo hapakuwa na jibu.

Kwenye kona ya njia, mahali shamba la Geoffrey linapokutana na barabara, Geoffrey alikuwa amesimama kati ya chai yake, koti la Sabato begani. Wanawake walipunguza mwendo, mazungumzo yakakatika. Aliinua mkono.

"Sabato njema, shemeji."

Loice alimwitikia, na akauliza habari za kifua, kwa sababu barabarani palikuwa na watu.